Miaka Niliyokosa Vichwa vya Kusuka

Ninaandika haya nikimfikiria mtu nisiyemjua: yule anayevaa mikono mirefu jua likiwa utosini, anayeweka hela juu ya meza ya muuza duka badala ya kumpa mkononi ili vidole visigusane, anayewahi kanisani apate nafasi pembeni kwenye nguzo. Kama ni wewe, karibu tukae. Mimi si mtaalamu. Nilimaliza darasa la saba Kaengesa, nikafundishwa kusuka nywele na mama yangu mdogo, na kazi hiyo nimeifanya hapa Kizwite tangu binti yangu Fortunata akiwa mgongoni. Habari za dawa atakupa daktari. Mimi nitakueleza yaliyonipata tu.

Kwanza uijue baraza yangu ilivyokuwa, maana naikumbuka kuliko ninavyoukumbuka ugonjwa wenyewe. Inatazama mashariki. Jua likishapanda juu ya milima ya Mbizi lilikuwa linaingia mpaka mlangoni, na hapo ndipo nilipotandika mkeka. Mteja alikaa chini, mimi juu ya kigoda, kichwa chake katikati ya magoti yangu. Jumamosi ya kuamkia Komunyo ya Kwanza wasichana walijipanga ukutani tangu asubuhi wakitafuna mahindi ya kuchoma, huyu anataka mtindo wa vitunguu, huyu twende kilioni, na yule ambaye mama yake anajiweza anataka yeboyebo. Habari zote za mtaa zilinikuta pale pale: nani kaposwa, mbolea imefika au haijafika, ulezi wa nani umeliwa na ndege. Mtu ukimshika kichwa hulainika. Hata mwanamke mkali kuliko wote, ukishampasua njia ya pili anaanza kukueleza ya moyoni.

Mume wangu Desderi ni fundi wa tairi mpakani Kasesya, kule malori yanakosubiri kuvuka kwenda Zambia. Alikuja nyumbani mwisho wa wiki akipata usafiri, mikono myeusi kwa mpira na grisi. Alikuwa anakaa kwenye ngazi akiniangalia nikisuka, anasema, "Kazi yako na yangu ni moja. Tofauti mimi wateja wangu hawaongei."

Ugonjwa ulianza msimu wa baridi, mahindi yakiwa yameshavunwa na ule upepo wetu wa mwezi wa saba ukipuliza vumbi mpaka ndani ya sufuria. Baka moja lilitokea kwenye kiwiko. Nililipaka mafuta ya mgando nikalisahau. Baada ya muda likatokea jingine nyuma ya sikio, halafu vifundo vya vidole vikawa vyekundu na kuota ukoko mweupe, mkavu, unaobanduka kama magamba. Yalikuwa yanawasha. Nikiyakuna yanatoka damu ya matone madogo madogo, na kesho yake yamerudi mazito zaidi.

Siku moja nilikuwa namsuka mke wa mwalimu jirani. Magamba yalikuwa yanadondoka kutoka mikononi mwangu yanatua kwenye nywele zake nyeusi kama majivu. Niliyapuliza polepole asijue. Alijua. Alipomaliza kusukwa alijitazama kwenye kioo, akanishukuru, akasema nywele zimependeza, na hakurudi tena.

Hakuna aliyenitukana. Watu wa huku wana adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyoniumiza. Walisema, "Nitapita kesho, Mama Fotu." Walisema, "Safari hii nimeamua kuzikata." Nikiwaona wiki inayofuata wamesukwa na mtu mwingine, wananisalimia vizuri kabisa, kwa mbali kidogo. Msimu wa mvua ulipoingia mkeka wangu ulikuwa umekunjwa nyuma ya mlango. Mmoja alinishauri nikamwone mganga, kwamba nimerogwa na msusi mwenzangu. Mwingine aliniletea majani ya kuoga. Niliyaoga. Nilipaka dawa za fangasi za kila rangi, na ngozi ikazidi kupasuka.

Hospitalini nilijifunza kusubiri. Nilizijua bati zilizokuwa zinavuja kwenye kibaraza cha wagonjwa wa nje, na nilimjua mama wa kufagia ambaye alikuwa anatuinulia miguu na ufagio bila kutuangalia. Nilipokaa, watu walisogea. Hawakusogea kwa makusudi, sidhani. Mwili wenyewe uliwasogeza. Basi nikazoea kukaa mwisho wa benchi ili wawe na upande mmoja tu wa kunikimbia.

Hatimaye nilionana na daktari wa ngozi, mtu mpole mwenye miwani, ambaye alinishika mikono yote miwili bila glavu, akaigeuza dirishani penye mwanga. Miezi mingi hakuna aliyenishika vile. Sikusikia maneno yake ya mwanzo kwa sababu nilikuwa naitazama mikono yake juu ya yangu.

"Mama, huu unaitwa soriasisi," akasema. "Hauambukizi. Mtu akikugusa hapati kitu, akila chakula chako hapati kitu."

"Nitapona?"

"Unatulia, halafu unaweza kuamka. Tutautuliza. Sitaki nikudanganye."

Nilirudi nyumbani nikiwa na neno moja tu: hauambukizi. Nilimwambia kila niliyekutana naye njiani. Waliitikia, "Tunamshukuru Mungu," na hawakuleta vichwa vyao.

Nyumbani napo mambo yalikuwa yamebadilika kimya kimya. Fortunata alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa, anauza kwenye duka la vifaa vya shule mjini. Alianza kufua nguo zake peke yake. Halafu nikaona kikombe chake hakikai tena na vingine kabatini, kinakaa chumbani kwake. Sikumuuliza. Yeye ndiye mtoto niliyemsuka kila Jumapili mchana tangu ana nywele za kushikika, akisinzia kichwa kwenye paja langu, na sasa alikuwa anasukwa na rafiki yake wa kazini. Akirudi tulizungumza habari za bei ya daftari.

Utafiti ulikuja mwaka wa pili wa ugonjwa, ulezi ukiwa unakaribia kuvunwa. Daktari wangu aliniambia kuna wenzake wamekuja kuchunguza magonjwa ya ngozi, wanatafuta wagonjwa wa kushiriki. Wangetupa dawa ya kupaka. Baadhi yetu wangepata ile inayotumika siku zote, wengine ile inayojaribiwa, na hakuna ambaye angejua amepata ipi, hata muuguzi anayetugawia. Kila Jumatano ya kliniki tungepimwa, kupigwa picha za ngozi na kuulizwa maswali. Tusichanganye na dawa nyingine, tusigawane. Ukitaka kujitoa, unajitoa, na matibabu yako ya kawaida yanaendelea.

Niliogopa kidogo. Desderi aliposikia alikuna kichwa. "Yaani wakujaribie dawa?" akauliza.

"Wameshanieleza kila kitu. Wanasema wanataka kujua."

"Kujua nini?"

Jibu nililipata siku ya kwanza, kwa muuguzi aliyeitwa Agripina. Alikuwa binti mfupi, mwenye sauti ya kuimba kwaya, na aliniweka kwenye chumba kidogo chenye pazia la kijani. Alishapima mabaka, alishanikata kinyama kidogo cha kupeleka maabara, ganzi ilikuwa bado mkononi. Halafu akavuta kiti karibu.

"Sasa mama nataka kukuuliza kuhusu maisha yako. Tangu upate ugonjwa huu, ni jambo gani unalolipenda ambalo ngozi imekuzuia kulifanya?"

Nililitazama lile pazia la kijani. Yeye hakuharakisha. Nje mtoto alikuwa analia kwa sindano.

"Kushika watu," nikasema.

Nilidhani atacheka. Aliniuliza nilikuwa nawashika vipi, nikamweleza habari ya baraza, mkeka na wasichana wa Komunyo. Nilimweleza hata kikombe cha Fortunata. Muda wote ule wa kuzunguka na mabaka yangu niliulizwa yanawasha au hayawashi, yameanza lini, nimepaka nini. Huyu ndiye wa kwanza kuniuliza yamenifanya nini. Nilipotoka pale nilikuwa nimelia, na macho yalikuwa mepesi.

Kwenye benchi nilikaa mwisho kama kawaida yangu. Mwanamke mmoja wa makamo, amejitanda mtandio wa maua, akaja akakaa akanibana mpaka bega likagusa bega.

"Sogea mwenzangu, mbona unakaa kama umefukuzwa," akasema. Akavuta mikono ya gauni lake. Mabaka yake yalikuwa makubwa kuliko yangu. "Mimi ni Zuhura, natoka Kirando, kule ziwani. Maisha yangu yote nimeparua samaki. Naona magamba yao yamenihamia."

Nilicheka kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau, mpaka mama wa kufagia akageuka.

Tangu siku ile Jumatano zikawa na maana. Bi Zuhura alikuwa anapanda kutoka ziwani siku moja kabla, na kwa kuwa alikuwa analala gesti, nikamwambia alale kwangu. Alikuja na migebuka, samaki wa kwao ziwani, iliyokaushwa na kufungwa kwenye gazeti. Mimi nilisonga ugali wa ulezi. Tulikula sahani moja, mikono minne yenye magamba ikikutana kwenye mchuzi, na tukazungumza habari za wanawe, biashara yake, na jinsi wateja wa samaki walivyoanza kumwomba awape mfuko wachague wenyewe. Alikuwa analalamikia baridi yetu. Alikuwa analala na soksi, koti la Desderi na blanketi mbili, na bado asubuhi anasema, "Nyie watu wa juu mnaishije?" Nikikumbuka miaka ile, mara nyingi si ugonjwa unaonijia kwanza. Inanijia harufu ya migebuka jikoni na sauti ya Bi Zuhura akisali sebuleni alfajiri, nami natafuta kiberiti.

Mvua zilipokatika, ngozi yake ikaanza kusafika. Kwanza ukoko ulilainika, halafu wekundu ukafifia, na Jumatano moja alipovua soksi pale benchini miguu yake ilikuwa na madoa tu. Muuguzi Agripina aliandika bila kusema kitu, hakuruhusiwa kusema. Mimi mabaka yangu yalikuwa yanatulia kidogo na kurudi, kama zamani. Hakuna aliyetuambia, lakini tulikuwa na macho.

Nilimfurahia. Nilimwonea wivu pia, nao ulikuja siku ile ile na furaha. Ukikutwa na hali hiyo usijione mbaya.

Wakati huo huo Fortunata akaposwa. Kijana alikuwa mwalimu, familia yao wakulima wa Kaengesa, watu wa heshima. Wakaja kujitambulisha. Nilipika tangu asubuhi: kuku, wali, maharage, uyoga niliokuwa nimeukausha. Mama mkwe mtarajiwa alikula wali uliopakuliwa na jirani yangu. Nilipomsogezea bakuli la uyoga mwenyewe, aliitazama mikono yangu, akasema kwa upole, "Asante mama, nimeshiba." Fortunata aliinamisha uso.

Harusi ikapangwa baada ya mavuno, katikati ya baridi, msimu ambao ngozi yangu huwa mbaya kuliko yote. Wiki chache kabla, Fortunata alinikuta nachambua maharage.

"Mama," akasema, "mama mkwe ameshaongea na saluni ya mjini. Wanisuke kule na kunipamba."

"Sawa."

"Ni kwa sababu wana vifaa."

"Najua, mwanangu. Nenda kasuke."

Niliendelea kuchambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Bi Zuhura alipokuja safari iliyofuata nilimsimulia. Tulimaliza kula kwanza. Kisha akafungua pochi yake, akatoa tyubu nyeupe ya dawa, akaiweka mkononi mwangu.

"Chukua. Bado nusu. Mimi nimeshapona, sina haraka. Paka kutwa mara mbili mpaka harusi."

"Walituambia tusigawane."

"Walituambia. Lakini harusi ya binti yako ni moja, Mama Fotu. Nani atajua?"

Niliishika ile tyubu. Ilikuwa na vuguvugu la pochi yake. Niliona mikono yangu ikiwa safi, nimesimama kwenye picha karibu na binti yangu. Nilifungua kifuniko. Halafu nikamkumbuka Agripina na swali lake. Aliniamini nilipomjibu. Kama ningepaka dawa ya Zuhura, Jumatano inayofuata angepima mikono yangu na kuandika uongo bila kujua, na huo uongo ungeenda kumtibu mtu mwingine, labda mwanamke kama mimi huko Namanyere au Matai ambaye hajaambiwa hata jina la ugonjwa wake.

"Siwezi," nikasema, nikaifunga. "Wakijua kwa haki kwamba hii ndiyo inayofaa, tutaipata wote. Nikichanganya, watajua nini?"

Bi Zuhura aliirudisha kwenye pochi. Sikujua kama amekasirika. Alikaa akichokonoa moto, halafu akavua mtandio. Nywele zake zilikuwa nyingi, zimechanganyika na mvi, zimefungwa ovyo.

"Basi nisuke," akasema. "Utakaaje msusi bila kichwa?"

"Mikono hii?"

"Kwani mimi nina mikono gani?"

Nikaukunjua ule mkeka. Jua la jioni lilikuwa upande wa pili wa nyumba na upepo unauma, tukakaa jikoni karibu na mafiga. Vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa, nyufa zinachoma kila nilipovuta uzi, na njia ya kwanza ilienda upogo. Ya pili ikanyooka. Alikuwa na kovu dogo utosini, akaniambia alilipata utotoni kwa kuangukia kasia. Nilimsuka twende kilioni ya kawaida kabisa, ya bibi zetu, na sijapata kusuka kichwa nikakifurahia kama kile.

Harusi ilikuja na baridi yake. Fortunata alipendeza mno. Saluni walifanya kazi nzuri, na nakiri kwamba nilizitazama zile nywele nikitafuta kosa, sikuliona. Asubuhi ile aliniletea kifurushi. Ndani mlikuwa na glavu nyeupe za lesi, ndefu mpaka kwenye viwiko.

"Zinaendana na sare yako, mama," akasema, na hakuweza kunitazama.

Nilizivaa. Sikuzivaa kwa kushindwa, nilizivaa kwa sababu alizinunua yeye na siku ilikuwa yake. Nilimshika mkono kanisani nikiwa na glavu, nikapiga picha, nikacheza na wageni wa Kaengesa ukumbini mpaka jasho. Wengi walisifia kwamba mama wa bibi harusi amevaa kama watu wa zamani wa misioni.

Tuliporudi nyumbani hazikutoka. Ngozi ilikuwa imepasuka wakati wa kucheza, damu imekaukia kwenye lesi, na kila nilipovuta ilikuwa kama nachunwa. Desderi aliniona nikihangaika. Alinivutia kiti karibu na taa, akapasha mafuta ya alizeti kwenye kisahani, akaanza kuyadondoshea kwenye vidole, kimoja kimoja, akiinua uzi wa lesi kwa ncha ya kisu chake kidogo cha kazi.

"Ungeniambia lini?" akauliza.

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba zinauma."

"Ningekuambia ukumbini?"

Alitikisa kichwa. Kazi ile ilimchukua muda mrefu na hakuiharakisha. Huyu ni mtu anayefungua tairi la lori kwa nyundo. Alipomaliza, glavu zilikuwa zimekatika vipande, mikono yangu mizima. Aliishika ndani ya yake, yenye masizi ya miaka yote ile ambayo hayatoki hata kwa sabuni ya unga, akasema, "Angalia hii yote minne. Ipi ya kuvalishwa?" Mimi na yeye tulikuwa tumepitia miezi migumu, kila mmoja akilala ukingoni mwa kitanda. Jioni ile mambo yalilegea. Kwa hiyo nikiulizwa habari za harusi ya binti yangu, mimi huikumbuka ile saa ya mafuta ya alizeti.

Utafiti ulimalizika milima ikiwa imechomwa moto na kila mtu anatazama mawingu. Walituita wote kwenye ukumbi wa hospitali, wakatupa soda na maandazi, na daktari mwenye miwani akatueleza kwa Kiswahili chepesi walichokiona. Dawa iliyojaribiwa ilifaa kuliko ya zamani. Sisi tuliopata ya zamani tungepewa sasa mpya. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba majibu yetu kuhusu maisha yetu yamewafundisha kama vile picha za ngozi. Kwamba baadhi yetu mabaka yalikuwa madogo na maisha yalikuwa yameharibika sana, na hilo daktari halioni kwa kutazama tu ngozi. "Tutaanza kuuliza," akasema. Bi Zuhura alinifinya paja.

Nilianza dawa mpya kumbikumbi wakiruka. Mvua zilipokolea mikono yangu ilikuwa laini. Nilikuwa naiamkia asubuhi naitazama kabla ya kutazama kitu kingine. Wateja walirudi mmoja mmoja, yule mke wa mwalimu akiwa wa tatu au wa nne, na nilimsuka vizuri.

Lakini Jumatano ziliisha. Bi Zuhura hakuwa na sababu ya kupanda tena. Tulipoagana kituoni kila mmoja aliahidi kwenda kwa mwenzake, na nilienda mara moja, nikaliona ziwa, nikaota jua lake la kule chini, nikala samaki waliovuliwa siku ile ile nikashiba. Sasa hivi huniletea migebuka kwa mkono wa kondakta wa basi, nami humpelekea unga wa ulezi. Kwenye simu mtandao unakatika kabla hatujafika kwenye maneno. Huwezi kuamini, wewe unayeumwa, kwamba mtu anaweza kulikumbuka benchi la hospitali kwa hamu. Nalikumbuka. Wakati mwingine nikipita karibu na hospitali siku ya kliniki hupunguza mwendo.

Sasa nikueleze la mwisho, maana nisingependa udhani kwamba yaliisha kwa dawa. Daktari alisema unatulia na unaweza kuamka. Umeamka. Msimu huu wa baridi mabaka yamerudi, si kama mwanzo, lakini yapo kwenye vifundo na kwenye kiwiko. Napaka dawa, natulia, nasubiri jua.

Na ndio msimu huu huu Fortunata amejifungua. Amekuja kwangu kulelewa, kama inavyotakiwa mtoto wa kwanza. Siku alipofika na kichanga nilijitafutia kazi. Nilipika uji, nilifua, nilipasua kuni. Niliwaambia jirani zangu kwamba yule mama mkubwa wa mtaa wa pili atakuja kumwogesha mtoto, ana uzoefu. Asubuhi ya pili yake alichelewa. Nilitayarisha kila kitu kwenye mkeka barazani, palipokuwa na jua: beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni, kitenge cha kumkaushia. Kisha nikasimama kando, mikono nimeificha ndani ya kanga.

Fortunata alitoka na mtoto amemfungua tayari, uchi, mwekundu, akipiga mateke kwenye hewa baridi. Alinitazama usoni, halafu akatazama pale kwenye kanga ambapo mikono yangu ilikuwa imejificha. Nikaanza kumwambia kwamba mama mkubwa yuko njiani.

Hakunisubiri nimalize. Alinisogelea, akanikabidhi mtoto kwa namna ambayo ilinibidi nitoe mikono la sivyo angeanguka, akakaa chini kwenye mkeka.

"Mama," akasema, "maji yanapoa."